Wazo: Nafuu ya Nyumba Humfikia Nani?

Nyumba nyingi za kata ya Wazo, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, hazijawahi kuuzwa. Mtu alinunua kiwanja, akakaa nacho, akapata fedha ya msingi. Akasubiri. Akapandisha boma hadi kwenye linta, akasubiri tena, akapaua, kisha akahamia na watoto madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati. Salasala, Madale, Mivumoni na Kilimahewa zimejaa watu kwa mtindo huo, na kadhalika maeneo ya pembezoni mwa Temeke na Kigamboni. Anayetaka kuelewa kwa nini nafuu zinazotolewa kwa sekta ya nyumba hazionekani huku, aanzie hapo. Nafuu hizo zimewekewa nyumba iliyokamilika, yenye muuzaji na mnunuzi, na huku nyumba ya namna hiyo ni adimu.

Tutazame kodi kwanza. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, hutoza asilimia 18 katika mauzo ya kwanza ya nyumba mpya ya kuishi. Nyumba iliyokwisha kukaliwa miaka miwili haiguswi, wala kiwanja kitupu, wala pango la nyumba ya kuishi. Waendelezaji wa majengo, Shirika la Nyumba la Taifa likiwamo, walilalamika kwa miaka, na walikuwa na hoja: nyumba ya shilingi milioni 50 ilimfikia mnunuzi kwa milioni 59. Katika miaka ya karibuni nyumba za waendelezaji zisizozidi milioni 50 zikasamehewa kodi hiyo.

Hatua hiyo ni njema, lakini ina mambo mawili yanayoipunguza nguvu. La kwanza ni bei ya ardhi. Kwa bei za Kinondoni ya leo, mwendelezaji atakayenunua ardhi, akajenga nyumba ya familia, akaweka maji na barabara, kisha akauza chini ya milioni 50 na kubaki na faida, ana kazi ngumu sana. La pili halizungumzwi vya kutosha: msamaha wa kodi si sawa na kutozwa kwa kiwango cha sifuri. Anayetozwa kiwango cha sifuri hurudishiwa kodi aliyolipa kwenye saruji, nondo na bati. Aliyesamehewa harudishiwi kitu. Kodi ya vifaa inabaki mikononi mwake, naye anaiingiza kwenye bei. Mnunuzi haoni asilimia 18 kwenye risiti, ila sehemu yake amekwisha kuilipa ndani ya kuta.

Mjenzi wa Madale yuko katika hali hiyo hiyo bila hata msamaha wenyewe. Hana namba ya mlipakodi wa ongezeko la thamani wala mahali pa kudai marejesho. Mfuko wa saruji ukiuzwa 16,000, kwa kiwango cha asilimia 18, shilingi 2,400 na ushee ni kodi hiyo. Juu yake, tangu bajeti ya 2023/24 kuna ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Tukisema nyumba yake imemeza mifuko 300 kuanzia msingi hadi lipu, ushuru huo peke yake ni shilingi 300,000. Kwa mwenye mradi mkubwa si fedha ya kutisha. Kwa anayejenga kwa mshahara, ni mwezi mzima ambao fundi hakuja. Na saruji hiyo inatengenezwa hapo hapo, kwenye kilima cha Wazo, ambako kiwanda kilianza uzalishaji mwaka 1966.

Atakayesema mjenzi huyu angekopa benki, afanye hesabu naye. Mkopo wa milioni 50 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 16, unadai rejesho la shilingi 734,000 hivi kila mwezi, na mwishoni mkopaji amelipa zaidi ya milioni 132. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa mwaka 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Juhudi hazikukosekana: sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, TMRC, ikaundwa 2010. Pamoja na hayo, taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zimeonyesha mikopo ya nyumba ipatayo elfu sita tu, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Benki ya mjenzi wa Wazo ni kikoba, na riba yake ni miaka anayosubiri.

Njia nyingine ya kutoa nafuu ni ya Zanzibar, iliyoamua kumvuta mnunuzi wa nje waziwazi. Mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika mradi ulioidhinishwa, kama ule wa Fumba, anaweza kupata kibali cha ukaazi. Kisiwa chenye ardhi ndogo na watalii wengi kina sababu zake. Sioni namna mpango huo ungemsaidia anayepanga chumba Tegeta.

Lililowahi kumsaidia kweli mkazi wa huku halikuitwa motisha. Ni Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002. Serikali ilijikopesha yenyewe: Hazina ilitoa takriban shilingi bilioni 8.9, Wizara ya Ardhi ikalipa fidia, ikapanga, ikapima na kuuza viwanja Bunju, Boko, Mbweni, Mivumoni, Tuangoma, Kibada, Mwongozo na kwingineko, na viwanja vilivyopatikana vikazidi lengo. Ninauthamini mradi huo kwa sababu ulishika penye mzizi. Kiwanja kilichopimwa kina barabara ya kupitisha gari la mchanga, kina mipaka ambayo jirani hawezi kuihamisha usiku, na kina hati ya kupeleka benki. Nyumba kujengwa kwa miaka kumi si tatizo kubwa ikiwa ardhi yake imetulia. Linganisha na urasimishaji wa makazi uliokuja baadaye, ambapo wananchi walichangishwa, kwa bei elekezi iliyoshushwa hadi shilingi 150,000 kwa kiwanja, ili wapimiwe mahali ambapo nyumba zimekwisha kubanana. Hapo mpima hana pa kupitisha barabara isipokuwa mtu abomoe ukuta wake.

Mradi ule wa viwanja ulikuwa na kasoro, nazo bado zinaonekana kwa macho. Maji, umeme na lami havikuenda pamoja na upimaji, na wenye fedha walinunua viwanja vingi wakaviacha vichaka. Tangu hapo barabara ya Bagamoyo imepanuliwa kutoka Mwenge hadi Tegeta, kazi iliyokamilika 2014, maji ya Ruvu Chini yamejengewa matangi Salasala na Wazo, na awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka imepangwa kufika Tegeta. Kila mradi wa namna hiyo hupandisha bei ya ardhi, na mwenye kichaka hufaidi sawa na mwenye nyumba, bila kununua hata mfuko mmoja.

Na hapa ndipo ilipo motisha kubwa kuliko zote, ambayo hakuna waziri aliyeitangaza. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023, yaani 18,000 kwa mwaka, ile ile kwa nyumba ya vyumba viwili Kilimahewa na kwa kasri isiyo ya ghorofa Mbweni. Mara nyingi anayeilipa ni mpangaji, kwa sababu ndiye anunuaye umeme. Kiwanja kitupu hakina mita. Kinadaiwa kodi ya pango la ardhi tu, ambayo ni ndogo ukiiweka kando ya kasi ya bei. Kwa hesabu hiyo, ukijenga unalipa, ukilaza ardhi unalipwa.

Kurekebisha hili hakuhitaji sheria ya kushangaza. Kodi ya pango la ardhi inaweza kupandishwa mwaka hadi mwaka kwa kiwanja kilichopimwa kisichoendelezwa, na mapato yake yakalipia upimaji wa maeneo ambayo bado ni mashamba, kabla dalali hajafika. Msingi wa kufanya hivyo upo tayari: hati za viwanja vya makazi kwa kawaida hubeba sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Kazi ianzie Mivumoni: viwanja vya mradi wa 2002 vina namba, vina ramani, wamiliki wake wameandikwa, na kwa vile ambavyo bado ni vichaka, miezi 36 ilikwisha zamani.