Maziwa Hayakati Kafeini

Kila wiki kliniki ya wajawazito huniletea swali lile lile: "Daktari, kahawa nikiitia maziwa si inakuwa haina shida?" Wengine hata hawaulizi. Wanaketi na kunitangazia kwamba kahawa chungu wameiacha, siku hizi wanakunywa ya maziwa tu, vikombe vinne au vitano kwa siku, na wametulia kabisa.

Maziwa hayakati kafeini. Hayaikati kidogo, hayaikati nusu, na ukiyazidisha bado hayaikati.

Najua imani hii inatoka wapi. Tumekua tukiambiwa maziwa hukata sumu. Mtoto akinywa mafuta ya taa, mtu anakimbilia kikombe cha maziwa badala ya kukimbilia hospitali, na mtoto akiyatapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Imani hiyo inaumiza watu tangu zamani, na sasa imehamia kwenye kikombe cha mjamzito. Kafeini huyeyuka kwenye maji, na utumbo huifyonza karibu yote, kwa kawaida ndani ya saa moja, iwe imekuja na maziwa au bila maziwa. Kinachobadilika ni ladha. Protini za maziwa hushikamana na zile kemikali zinazokausha mdomo, uchungu unapungua, rangi inafifia, na mnywaji anaamini makali yamekwisha. Ulimi unaonja uchungu tu, haupimi kafeini. Kijiko cha kahawa ulichotia kikombeni kiko pale pale.

Chai ya maziwa nayo haina msamaha. Majani yanayochemka kwenye sufuria kwa dakika kumi hutoa kafeini nyingi kuliko yaliyochovywa kidogo.

Linalonikera zaidi ni kwamba maziwa hayo hayo yanazuia kitu ambacho mjamzito anakihitaji kweli. Vidonge vya kuongeza damu tunavyowapa kliniki ni vya madini ya chuma. Chai na kahawa huyazuia madini hayo yasifyonzwe vizuri, na kalsiamu ya maziwa huyazuia pia. Mama anameza kidonge chake kwa chai ya maziwa kila asubuhi, mwezi baada ya mwezi, kisha tunapima damu iko chini na anaambiwa hali vizuri. Vinywe kwa maji, au pamoja na chungwa, saa moja au mbili mbali na chai, kahawa na maziwa.

Kwa nini tunahesabu kafeini? Kwa sababu mimba hupunguza kasi ya ini kuivunja. Asiye na mimba hupunguza nusu ya kafeini kwa saa tatu hadi tano. Katika miezi mitatu ya mwisho, kazi hiyo huchukua takriban saa 15. Kikombe cha saa kumi jioni, nusu ya kafeini yake bado imo kwenye damu saa moja asubuhi. Inapita kwenye kondo la nyuma, na ini la mtoto halina uwezo wa kuivunja. Kafeini nyingi inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo na mimba kuharibika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka 200 mwaka 2015, na mimi nashika 200.

Hesabu yenyewe: kikombe kikubwa cha kahawa ya kopo kina takriban miligramu 100, cha kuchuja 140, cha chai 75, kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu 80. Robusta ya Kagera ina karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro, na kahawa ya kutafuna ya Bukoba ihesabiwe pia. Chagua kikombe kimoja cha kahawa au viwili vya chai, kisha ishia hapo. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Ukitaka cha moto, kunywa uji, au maziwa yenyewe yasiyo na majani. Punguza pole pole, kwa sababu kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa, na baadhi ya vidonge vya maumivu vya dukani vina kafeini miligramu 65 kila kimoja: soma pakiti, au muulize mfamasia kabla hujameza.