Hiyo fonti ya flashi ni ya nani?

Ijumaa jioni, saiba za soko kama Myanga, Kaunti ya Bungoma, huwa hazina nafasi ya kukaa. Huyu anataka kijitabu cha mazishi ya kesho, yule kadi ya harusi, mwingine nembo ya chama cha akina mama wanaosaga unga. Wote wanataka maandishi “yenye swagga”. Kijana wa kompyuta anachomeka flashi yenye fonti kibao alizopewa na beshte, anachagua moja, anaprinti, analipwa. Kazi imeisha.

Imeisha kweli? Fonti ni programu ya kompyuta, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Fonti ikiandikwa ni ya bure kwa matumizi binafsi, hiyo ni kadi ya kumpa mamako, si nembo ya mteja anayekulipa. Chama kikikua na unga wake ukafika supamaketi, barua ya wakili itawafikia wale akina mama kabla yako.

Na usidhani ni watu wadogo tu wanaoteleza. Mwaka 2009 kampuni ya fonti ya Font Bureau iliishtaki NBC Universal, ikidai angalau dola milioni 2. Mwaka 2010 Ufaransa ilizindua nembo ya Hadopi, mamlaka ya kupambana na uharamia mtandaoni. Kumbe maandishi yake yalikuwa fonti ya Bienvenue, ambayo Jean-François Porchez aliichora kwa ajili ya France Télécom. Ikabidi ibadilishwe. Aibu gani hiyo!

Habari njema ni kwamba siku hizi huhitaji kuiba. Google Fonts, iliyoanza 2010, ina fonti tele, nyingi zikiwa chini ya leseni huria ya SIL. Unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi ya pesa, kuzibadilisha na kumgawia mwenzako. Marufuku ni kuuza fonti yenyewe peke yake. Moja ina jina la Kiswahili kabisa: Andika. Ilitengenezwa kwa wanaoanza kujifunza kusoma, ndiyo maana I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazichanganyi mtoto.

Na mchoraji atakula nini? Wengine hulipwa na kampuni kubwa ili fonti itolewe bure. Wengine hutoa unene mmoja wa herufi bila malipo, kisha huuza uliobaki. Wengine hupitia huduma za kulipia kila mwezi kama Adobe Fonts.

Kwa hivyo, kabla ya kuprinti, fungua faili ya leseni uisome, kisha uhifadhi nakala pamoja na kazi ya mteja. Ni dakika 5 tu. Jirani akilipiga picha bango lako, afute namba yako ya simu aweke yake, si utawaka? Aliyechora herufi naye ana roho kama yako.