TRENI YA MEZANI NA TRENI ILIYOBEBA KAHAWA YETU

Karagwe na Kyerwa hakuna reli. Wapo wazee wengi ambao hawajapanda treni hata siku moja. Lakini kahawa yetu imeipanda! Kwa miaka mingi ilitoka vijijini kwa lori, ikapita Kyaka hadi Bukoba. Ikavuka Ziwa Viktoria kwa meli mpaka Mwanza. Kutoka hapo treni iliivuta zaidi ya kilometa 1,200 hadi bandari ya Dar es Salaam. Basi, kichwa cha treni kikiharibika njiani, mkulima wa Kayanga naye alikuwa na hasara yake.

Leo tujifunze habari za kichwa cha treni cha dizeli. Tuanze na kile kidogo.

Treni ya mezani

Watoto wetu hutengeneza magari ya waya. Huko Ulaya na Marekani, hata watu wazima hutengeneza treni ndogo za kuweka mezani. Hawakisii tu, wanafuata kipimo. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 87. Maana yake, kila sentimeta 87 za treni ya kweli huwa sentimeta 1 mezani. Kichwa chenye urefu wa meta 17 na sentimeta 40 kinakuwa cha sentimeta 20. Ramani ya ukutani nayo huchorwa kwa njia hiyo hiyo.

Kichwa hicho kidogo hakichomi dizeli. Ndani kina mota ndogo, na umeme wake unapita kwenye reli.

Treni ya kweli

Je, kile kikubwa kinaendaje? Watu wengi hudhani injini ya dizeli inazungusha magurudumu moja kwa moja, kama kwenye lori. Sivyo, kwa vichwa vingi vikubwa. Injini inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme. Umeme unazungusha mota zilizo karibu na magurudumu. Kwa hiyo kikubwa na kidogo vyote vinakwenda kwa mota za umeme. Tofauti ni kwamba kikubwa kinajitengenezea umeme wake chenyewe.

Kwa nini mvuke uliachwa

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Walifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza walijenga tawi la Tabora hadi Mwanza, likafika Mwanza mwaka 1928. Wakati huo treni zilivutwa kwa mvuke. Moto ulichemsha maji, na mvuke ukasukuma magurudumu.

Mvuke ulikuwa na taabu mbili. Kwanza, moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari. Pili, maji mengi yalihitajika njiani, na sehemu za Ugogo ni kame. Kichwa cha dizeli kinawashwa kikaondoka, wala hakisimami kila mara kunywa maji.

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye mwaka 1897 alionyesha injini yake ikifanya kazi vizuri. Sisi tulipata vichwa vingi vya dizeli miaka ya 1960 na 1970. Vile vya aina ya 88 vilitengenezwa Montreal, nchini Kanada. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake la reli.

Lakini dizeli nayo ina taabu yake. Vipuri hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Na fedha za kigeni zilitoka wapi? Kahawa ilikuwa mojawapo ya mazao yaliyozileta. Treni ilibeba kahawa, na kahawa ikasaidia kununua vipuri vya treni. Kimoja kikikwama, na kingine kinakwama.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwenye reli mpya. Hizo hupata umeme kwenye waya wa juu.

Mkulima, usafiri ni gharama, na gharama hiyo hupunguza bei unayolipwa. Kwenye mkutano wa chama cha msingi, uliza: kusafirisha kilo moja ya kahawa yetu kunagharimu shilingi ngapi? Andika jibu kwenye daftari lako, ulinganishe na msimu ujao.

Zoezi: Behewa lina urefu wa meta 8 na sentimeta 70. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, litakuwa sentimeta ngapi mezani?

(Jibu: sentimeta 10.)