Malengelenge yasiyosikia dawa: usikate tamaa, wala usiache vidonge

Wapo wagonjwa ambao ngozi yao hutoa malengelenge laini yanayopasuka upesi na kuacha vidonda vibichi. Mara nyingi huanzia kinywani, hata kumeza uji kukawa adhabu. Majirani husema karogwa, au humkimbia wakidhani ataambukiza. Yote mawili si kweli.

Maradhi haya huitwa pemfigasi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia kile kinachoshikanisha chembe za ngozi. Chembe zikiachana, maji hujaa katikati na lengelenge hutokea. Kabla ya dawa za steroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi walifariki.

Tiba ya kawaida ni vidonge vya prednisoloni, pengine pamoja na azathioprini. Wengi hupata nafuu. Lakini wapo ambao vidonda havikauki, au hurudi kila dozi inapopunguzwa, huku dawa ikiwaletea kisukari na udhaifu wa mifupa. Hapo baadhi huamua kuacha vidonge ghafla. Hiyo ni hatari kubwa: mwili uliozoea steroidi ukizikosa ghafla huweza kuishiwa nguvu hadi mgonjwa akafariki.

Ipo hatua nyingine. Dawa iitwayo rituksimabu, inayotolewa kwa dripu, huondoa chembe za damu zinazotengeneza silaha hizo za kinga zilizopotoka. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walieleza kuhusu wagonjwa 21 ambao steroidi ziliwashinda au hazikuwafaa. Baada ya miezi 3, vidonda vya 18 kati yao vilikuwa vimepona, ingawa kwa baadhi maradhi yalirudi baadaye. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa pemfigasi.

Dawa hii ni ghali, na hupunguza kinga. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza homa ya ini aina ya B na kifua kikuu. Muulizeni daktari wa ngozi. KCMC Moshi ina kituo cha kufundisha madaktari hao tangu 1992.

Na ibada? Maji yakimdhuru, sheria imemruhusu kutayamamu. Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula. Asiruke dozi kwa ajili ya funga.

Dua tuombe, na tiba tuitafute. Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu. Amin.