Likizo ya Karavani Kando ya Bwawa la Vaal, Pamoja na Mbwa



Shule zinapokaribia kufungwa, wazazi huniuliza swali lilelile: “Mwalimu, huku Johannesburg hakuna bahari. Haya maneno ya tanga na mlingoti mtoto atayatumia wapi?” Ni swali la haki. Neno lisilotumika hupotea, na mtoto akiyapoteza maneno hawapotezi wazee wake kwa siku moja, bali kidogo kidogo. Anampigia bibi simu, ana mengi ya kumwambia, lakini hana maneno ya kumwambia. Mwishowe mazungumzo yanabaki “shikamoo” na “marahaba”, kisha simu anarudishiwa mama.

Mahali pa kuyatumia maneno hayo pako karibu. Kusini mwa jiji, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kuna Bwawa la Vaal. Mashua za tanga zimejaa pale, na kando ya maji kuna viwanja ambako familia hulaza karavani zao siku tatu au nne, watoto wakicheza na mbwa wakikimbia. Leo nitaeleza mambo manne: karavani, maji, mashua na mbwa. Kisha, kwa kuwa kazi yangu ni uuguzi, nitasema machache ya afya.

Karavani na msafara

Karavani ni chumba chenye magurudumu kinachokokotwa na gari. Ndani mna vitanda, jiko dogo la gesi, meza na kabati. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, na zamani lilikuwa na maana ya watu wengi wanaosafiri pamoja na mizigo yao. Sisi kundi hilo tunaliita msafara. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo kwa miguu kwa muda wa miezi. Kwa hiyo mtoto akiona magari matano yameongozana barabarani, kila moja na karavani yake, anaweza kusema bila kukosea: “Ule ni msafara wa karavani.”

Wazazi, angalieni leseni yenu kabla ya kukodi. Hapa Afrika Kusini leseni ya gari dogo ya daraja la B inaruhusu kukokota trela isiyozidi kilo 750, pamoja na mzigo wake. Ikizidi hapo unahitaji daraja la EB. Karavani nyingi za familia huzidi kilo hizo. Jambo la pili, mtu yeyote asikae ndani ya karavani wakati gari linatembea, hata kama mtoto analia kwamba anataka kulala. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi

Watoto, Bwawa la Vaal lilikamilika mwaka 1938. Ukuta wake unazuia Mto Vaal, ambao Wasotho wanauita Lekwa. Maji mnayokunywa nyumbani kwa kiasi kikubwa yanatoka humo. Shirika la Rand Water huyachukua, huyasafisha na kuyasukuma kwa pampu mpaka Johannesburg, maana jiji letu liko juu kuliko bwawa. Sehemu ya maji hayo inatoka mbali zaidi, katika milima ya Lesotho. Huko kuna Bwawa la Katse, ambalo ukuta wake una kimo cha mita 185. Maji yake hupita katika mahandaki chini ya milima, yakatokea upande huu wa mpaka, yakaingia mitoni mpaka Mto Wilge, na Wilge unamwaga katika Bwawa la Vaal.

Johannesburg imekaa juu ya mgongo wa ardhi unaoitwa Witwatersrand. Mvua inayonyesha upande wa kusini wa mgongo huo huingia Mto Klip, halafu Vaal, halafu Mto Orange, na mwisho Bahari ya Atlantiki. Mvua ya upande wa kaskazini huingia Mto Jukskei, halafu Crocodile, halafu Limpopo, ikaishia Msumbiji katika Bahari ya Hindi. Hiyo ndiyo bahari ya Mombasa, Unguja na Kilwa. Kwa hiyo mtoto anayesema hana uhusiano na bahari, mwonyesheni mfereji wa maji ya mvua nje ya nyumba yenu, na mmweleze unaelekea wapi.

Mashua za tanga

Ukisimama ufukoni upande wa Deneysville utaziona mashua nyingi nyeupe. Hazifanani na jahazi la kwetu, lakini viungo vyake vina majina ya Kiswahili yaliyotungwa zamani na mabaharia. Mti uliosimama katikati ni mlingoti. Kitambaa kinachoshika upepo ni tanga. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Uti wa chini unaopita kutoka mbele hadi nyuma ni mkuku. Kinachogeuza chombo ni usukani. Ndani kabisa, pale maji yanapokusanyika mpaka yachotwe, ni ngama. Sasa mtaelewa wahenga waliposema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata ukihangaika mbele na nyuma, mwishowe utarudi pale pako.

Jahazi lina mti mrefu wa mshazari unaobeba tanga, nao huitwa foromali. Mashua za Vaal hazina foromali. Zina tanga kuu la pembe tatu lililofungwa kwenye mlingoti wenyewe, na tanga dogo mbele yake.

Watoto huuliza: mashua inawezaje kwenda kule upepo unakotoka? Jibu ni kwamba haiendi moja kwa moja. Nahodha huielekeza upande mmoja kwa mshazari, kisha hugeuza tanga na kwenda upande wa pili, hivyo hivyo mpaka afike. Mkuku huzuia chombo kisisukumwe kando. Kitendo hicho mabaharia wetu wanakiita kubisha. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa mtu anayepinga jambo, na kwa mgeni anayebisha hodi mlangoni.

Pwani, upepo una majira. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Oman na Ghuba. Kusi hufuata baadaye na kuvirudisha. Huku Vaal upepo hauna subira hiyo. Wakati wa kiangazi mawingu hujikusanya alasiri, na dhoruba ya radi na mvua ya mawe huweza kufika kwa muda mfupi. Mkisikia radi, tokeni majini mara moja na mwingie garini. Msikae chini ya mti wala karibu na milingoti.

Mbwa safarini

Najua suala la mbwa ni zito katika nyumba nyingi za Waswahili. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi na wa kuwinda anajulikana, na mbwa wa wale vijana waliolala pangoni ametajwa katika Kurani yenyewe. Kila familia ina uamuzi wake, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Wanaofuga wanaweza kumpa mbwa bakuli lake, tandiko lake na mahali pake chini ya turubai nje ya karavani. Wasiofuga pia wasome sehemu hii, kwa sababu katika viwanja vile mbwa wa jirani atakuja tu.

Kabla ya kuondoka, ulizeni kama uwanja unapokea mbwa, maana vingine vinakataa. Hifadhi nyingi za taifa, kama Kruger, haziruhusu mbwa wa kufugwa. Hakikisheni mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo ni sheria hapa Afrika Kusini. Bebeni kadi yake. Msimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache, kwa sababu joto humwua. Usiku wa radi mfungieni ndani, la sivyo atakimbia na kupotea.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Basi akipandishwa kwenye mashua avalishwe jaketi la kujiokolea, maana katikati ya bwawa ufuko hauonekani vizuri kwa macho ya mbwa.

Watoto, mbwa msiyemjua akiwajia, msikimbie wala msipige kelele. Simameni kama mti, mikono mwilini, msimtazame machoni. Atanusa, kisha ataondoka.

Maneno ya muuguzi

Mbwa akimwuma au kumkwaruza mtoto, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kliniki au hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini kinazuilika kabisa kwa chanjo inayotolewa mapema.

Kila jioni tafuteni kupe, kwa mtoto na kwa mbwa. Mkimkuta, mshikeni kwa kibanio karibu na ngozi, mvuteni taratibu moja kwa moja. Msimchome kwa moto wala msimpake mafuta. Mtoto akipata homa, kichwa kikauma na kuna kidonda chenye kigaga cheusi, mwelezeni daktari kwamba mlikuwa kwenye nyasi. Mbwa akikataa chakula, fizi zikawa nyeupe na mkojo ukawa mweusi, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo.

Usiku wa Juni na Julai kuna baridi kali. Msiingize jiko la mkaa ndani ya karavani, lile wenyeji wanaloliita mbawula, wala msilale na jiko la gesi linawaka. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Majini, mtoto avae jaketi hata kama anajua kuogelea, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kumtazama, bila simu mkononi. Nambari ya gari la wagonjwa ni 10177, na kwa simu ya mkononi pia 112. Iandikeni mlangoni mwa karavani.

Kazi ya likizo

Watoto, chagueni mashua moja, ichoreni, na mwandike majina saba ya viungo vyake. Kisha mpigieni babu au bibi simu mkiwa pale pale ufukoni. Mwulizeni kwao wanaitaje mashua, upepo na mbwa. Wenzetu wa Kongo watasikia “imbwa”, na wenye marafiki wa Kizimbabwe watashangaa kwamba Washona nao husema “imbwa”. Darasani kwenu mmejifunza kwamba kwa Kizulu maji ni “amanzi”. Andikeni na hayo, maana ni lugha za ukoo mmoja.

Leteni daftari Jumamosi ya kwanza shule ikifunguliwa. Ambao hamtasafiri, nendeni Bwawa la Emmarentia hapa hapa mjini. Mbwa wapo, vyombo vidogo vipo, na simu ya kwa bibi itapatikana vile vile.