Kioo kimoja na maneno matatu ya fundi

Wahenga walituachia methali ya ufa na ukuta, wakanyamaza kuhusu kioo. Labda walikuwa na haki ya kunyamaza. Ufa humpa mwenye nyumba muhula wa kutafakari. Kioo hakitoi muhula wowote. Jioni moja mwanzoni mwa Julai, nikiwa nyumbani kwangu nje kidogo ya mji wa Embu, mpira wa watoto uliingia chumbani mwangu mwa kusomea bila kupiga hodi, na kioo cha dirisha kikawa vigae juu ya makaratasi yangu. Nilipouliza ni nani, kimya kilitanda uani. Hatimaye kitindamimba wangu akanena: “Baba, dirisha lenyewe lilikuwa karibu sana.”

Yeyote aliyeishi katika miteremko hii ya Mlima Kenya, tangu Embu na Runyenjes hadi Chuka, Nkubu na Meru, anajua Julai ni mwezi wa namna gani. Ukungu hushuka, jua huchelewa, na manyunyu hunyesha bila ya kelele za mvua yenyewe. Nilibandika katoni mahali pa kioo. Kufikia alfajiri ilikuwa imelowa na kujikunja kama sikio la mbwa, na kurasa zangu mbili zilikuwa zimeiva maji. Na kurasa hizo, msomaji, zilikuwa za mada niliyokuwa nikiiandaa kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya 7 Julai ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021. Mada ilihusu uundaji wa istilahi.

Niliamua kuirekebisha hasara hiyo kwa mikono yangu. Mimi ni mmoja wa wale waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, mfumo ambao ulikusudiwa kutufanya watu wa kujitegemea. Kweli tulifundishwa ufundi. Tuliichora patasi na randa katika madaftari, tukayakariri majina yake kwa Kiingereza, tukayaandika katika mtihani na kupata alama nzuri. Randa yenyewe sikuwahi kuishika. Nikiwa na elimu hiyo nilichukua futi kamba, nikapima fremu ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo, nikaenda mjini na kukatiwa kioo cha kipimo kile kile, bila kupunguza wala kuzidisha. Mwenye duka alikifunga kwa gazeti. Nikakipakata katika matatu kama mtoto mchanga, abiria wenzangu wakinipisha kwa heshima ambayo shahada zangu hazijawahi kunipatia.

Kioo hakikuingia. Kilikuwa sawa kabisa na fremu, na kwa sababu hiyo hiyo kilikataa.

Hapo mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa akinitazama kutoka kwenye shamba lake la kahawa huku akijizuia kucheka, akasema: “Mwalimu, kuna kijana hapa chini. Mwite kabla hujavunja cha pili.”

Wakati nikimngoja kijana huyo nilifanya kile ambacho watu wa fani yangu hukifanya wanaposhindwa na kitu: nililitafakari jina lake. Neno dirisha tumelipata kutoka Kiajemi. Wagikuyu, majirani zetu, wanasema ndirica. Nyumba za jadi za sehemu hizi, zile za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, hazikuwa na madirisha; mwanga na watu viliingia kwa mlango mmoja. Jina na kitu vilikuja kwa pamoja. Na kioo je? Neno hili moja hubeba mawili: kile kinachokuonyesha walio nje, na kile kinachokuonyesha uso wako. Kila mwaka nasahihisha mamia ya insha zinazoanza kwa kudai kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na sijakutana na mwanafunzi aliyejiuliza ni kioo kipi kati ya hivyo viwili. Lakini hayo tuyaache.

Fundi alifika akiwa na mkoba wa turubai. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alinisalimu kwa adabu, akakitazama kioo changu, akaitazama fremu, na hakusema neno la kunifedhehesha. Alipima upana katika sehemu tatu, juu, kati na chini, na kila sehemu ikatoa kipimo chake. “Fremu haijanyooka, mwalimu. Hakuna iliyonyooka. Unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, halafu unapunguza milimita tatu kila upande.” Nilimwuliza kwa nini. Akasema chuma kikipigwa na jua hutanuka na kikipoa hujikaza, na hakitanuki sawa na kioo. Kioo kisipoachiwa nafasi ya kupumua kitapasuka siku ambayo hakuna mpira.

Kisha akaanza kuing'oa puti ya zamani kwa patasi na nyundo. Puti huundwa kwa chokaa laini iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani. Ikikaa miaka mingi hugeuka jiwe. Akiwa amenipa mgongo, bila kuacha kugonga, alisema: “Kiti cha Mswahili kwetu ni gĩtĩ. Kanuni ya Dahl.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Wewe hunijui, mwalimu, lakini mimi nakujua. Nilikuwa katika darasa lako la fonolojia, mwaka wa pili.”

“Ulihitimu mwaka gani?”

“Sikuhitimu. Mzee aliugua, karo ikakatika.”

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimkumbuka. Sikumkumbuka. Darasa lile huwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili, nami husimama mbele na kipaza sauti nikieleza jinsi sauti /k/ inavyogeuka ghuna katika lugha za jirani, Kigikuyu, Kiembu na Kimeru, inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Orodha ya mahudhurio huzungushwa, majina hupungua, nasi huyafuta katika orodha inayofuata. Sikuwahi kumwuliza mtu yeyote kijana huyu alikwenda wapi. Nilimwomba radhi. Akajibu kwamba si neno, kisha akaniomba nimpokee vigae ili nisije nikavikanyaga.

Alisugua kutu, akapaka rangi ya kuizuia, akaingoja ikauke. Wakati huo alikishughulikia kioo changu. Alikilaza juu ya blanketi mezani, akachovya katika mafuta ya taa kile chombo chenye kigurudumu kidogo cha chuma kigumu, akakipitisha kando ya rula mara moja tu. Sauti yake ilikuwa kama ya kitambaa kinachochanwa. “Ukirudia mstari, umekiharibu,” alisema. Kumbe chombo kile hakikati. Huchora jeraha jembamba, na kioo hukatika chenyewe kwa kufuata jeraha hilo. Ukanda wa milimita sita aliumega kwa koleo, kipande baada ya kipande, nami nikiwa nimesitisha pumzi.

Nilimwuliza ule mfuo wa fremu ambamo kioo hukaa unaitwaje. Katika mada yangu nilikuwa nimeupendekezea istilahi yenye silabi nane na kistari katikati. Akanitazama kana kwamba ninamtania. “Kitako. Si hapo ndipo kinapokaa?” Akaikanda puti kwa viganja hadi ikawa laini kama unga wa chapati, akaitandaza katika kitako chote. “Na hii ya kwanza ni godoro.” Akakilaza kioo juu ya godoro, akakisukuma kwa vidole kwenye kingo, wala si katikati, hadi puti ikafurika upande wa ndani. Kisha akaweka puti ya nje, akaivuta kwa kisu kwa mkono mmoja usiosita, ikabaki mshazari safi kuelekea nje ili maji yasituame. “Huu ni mteremko.”

Kitako, godoro, mteremko. Maneno hayo aliyapata katika karakana aliyojifunzia, na sijui kama yanatumika kwingineko. Lakini mwalimu anayefundisha leo katika mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017 na ambao huwataka watoto watende kwa mikono, angeyaeleza bila kufungua kamusi. Yangu yangemhitaji aifungue, na asingeyakuta humo. Nimeketi katika vikao kadhaa vya istilahi. Tulikuwa na wanaisimu, wahariri na chai ya maziwa. Fundi hatukuwahi kumwalika, ingawa fundi na mwanafunzi ni watoto wa kitenzi kimoja, kufunda.

Gharama yote haikufikia bei ya kitabu kimoja cha isimu. Nilipomlipa nilimwuliza kama angependa kurudi darasani. Akafikiri kidogo, akasema angependa, ila ana wadogo wawili shuleni na karo yao inatoka katika mkoba ule. Nilimwahidi kuuliza ofisini kuhusu faili lake. Nimeuliza mara mbili, bado linatafutwa.

Mada yangu niliisoma siku iliyopangwa, nikiwa nimekata kurasa nne na kuyaweka maneno yake matatu badala yake. Puti haipakwi rangi kabla ya majuma mawili kupita. Atakuja Jumamosi na brashi, na nimemwomba aje pia na orodha ya maneno mengine. Ameniuliza kama nitamlipa kwa orodha hiyo kando na rangi, nami nimekubali.