Buti la Mtega Migono: Jinsi ya Kuyazuia Maji ya Bwawa Yasiifikie Ngozi

Mvua za masika zinapolijaza bonde la mto Kilombero, samaki hutoka katika mkondo wa mto na kutawanyika majanini kutafuta chakula na mahali pa kutagia mayai. Maji yanapoanza kupungua, samaki hao hulazimika kurudi mtoni, na njiani humkuta mtegaji amekwisha kuwatangulia. Mtegaji huziba kijito kwa uzio wa matete, akaacha vipenyo vichache, na katika kila kipenyo akalaza mgono: kikapu kirefu cha fito au matete, ambacho mdomo wake una meno yaliyoelekea ndani. Kambale huingia kwa urahisi, lakini akitaka kutoka hukutana na ncha za meno yale.

Mgono umebuniwa kwa busara kubwa. Lakini anachokivaa mtegaji miguuni, mara nyingi hakikufikiriwa kwa busara kama hiyo. Wako wanaoingia majini miguu mitupu. Wako wanaovaa katambuga, yaani makubazi ya tairi, ambayo huukinga wayo dhidi ya miiba lakini hayazuii hata tone la maji. Wako pia walionunua jozi ya kwanza ya mabuti ya mpira waliyoiona sokoni, yale yaitwayo gambuti, wakaamini kwamba wamekwisha kujikinga. Yafaa ieleweke kwamba buti lisilolingana na kazi yake laweza kumdanganya mvaaji wake, na udanganyifu huo una gharama.

Adui aliyemo majini

Mtu akiulizwa kwa nini anavaa buti la mpira, kwa kawaida hujibu kwamba hapendi kuloa. Katika mabwawa ya nchi za joto jibu hilo halitoshi. Kuloa peke yake hakumdhuru sana mtu. Hatari imo katika vile vinavyoishi ndani ya maji.

Cha kwanza ni kichocho. Minyoo wa ugonjwa huu, ambao mwanachuoni wa Kijerumani Theodor Bilharz aliwagundua mjini Cairo mwaka 1851, hukaa katika mishipa ya damu ya binadamu. Aina iitwayo Schistosoma haematobium hukaa karibu na kibofu cha mkojo, na Schistosoma mansoni karibu na utumbo. Mayai yao hutoka kwa mkojo au kinyesi, na yakifika majini huangua viluwiluwi vinavyoingia katika konokono wa majini wa jamii ya Bulinus au Biomphalaria. Baada ya majuma kadhaa, konokono huyo hutoa viluwiluwi vya aina nyingine, viitwavyo sekaria, ambavyo mkia wake umegawanyika mara mbili mwishoni. Sekaria ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuitambua katika maji ya bwawa. Inapoigusa ngozi ya binadamu, huweza kupenya katika muda wa dakika chache, ikauacha mkia wake nje. Haihitaji jeraha, ngozi nzima inaitosha.

Sasa na aangaliwe mtegaji. Konokono hawa hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, yenye majani mengi na kina kifupi. Mahali pa namna hiyo ndipo migono inapotegwa. Mtegaji na konokono wamechagua uwanja mmoja, na mtegaji husimama humo muda mrefu akifunga uzio na kutoa samaki.

Adui wa pili ni bakteria wa Leptospira, ambao hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine na kuishi katika maji na matope. Hawa hupitia kwenye michubuko na mikato, na mtegaji hakosi mikato: magamba ya konokono, visiki vya matete, na miiba ya mapezi ya kambale humchoma kila siku. Mwezi wa Julai 2022, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka mkoani Lindi na kuua watu watatu ulisababishwa na bakteria hao. Ugonjwa huo hujulikana kwa jina la homa ya mgunda.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua buti ni hili: je, maji ya bwawa yatapata njia ya kuifikia ngozi?

Mpira ulivyofanywa uzuie maji

Utomvu wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis, ulitumiwa na wenyeji wa Amerika ya Kusini tangu zamani. Ila ulikuwa na kasoro kubwa: wakati wa joto ulilainika na kunata, na wakati wa baridi ulikakamaa na kupasuka. Mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huondokewa na kasoro hizo. Molekuli za mpira ni minyororo mirefu iliyosokotana kama nyuzi. Salfa huifunga minyororo hiyo kwa madaraja, hivyo huweza kuvutika na kurudi bila kuteleza moja juu ya nyingine. Mwaka 1853, Mmarekani mwingine, Hiram Hutchinson, alianzisha nchini Ufaransa kiwanda kilichotengeneza mabuti ya mpira.

Siku hizi mabuti mengi hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ni rahisi kuliko mpira lakini hainyumbuki vizuri kama mpira. Kwa mtega migono, aina zote mbili huzuia maji. Linalozitofautisha zaidi ni namna zinavyopasuka penye kunja, hasa kwenye kifundo cha mguu, mahali ambapo buti hukunjwa maelfu ya mara.

Kina cha maji na urefu wa buti

Kosa la kawaida ni kulinganisha urefu wa buti na kina cha maji peke yake. Mtegaji hasimami juu ya maji wala juu ya sakafu, huzama matopeni. Tena huinama na kukunja goti anapoinua mgono, na hapo mdomo wa buti huinamia maji. Mwishowe, kila hatua huleta wimbi dogo linalopanda ukingoni.

Kanuni rahisi ni hii: pima kina cha maji kwa fimbo, ongeza kiasi ambacho mguu huzama katika tope, kisha ongeza shibiri moja. Jumla hiyo ndiyo urefu mdogo kabisa wa buti unaofaa.

Chukua mfano. Kina cha maji ni sentimeta 25, na mguu huzama sentimeta 10. Buti la kawaida la kufika gotini lina urefu wa sentimeta 38 hivi. Kwa hesabu ya harakaharaka linatosha, kwa maana limebakiza sentimeta 3. Lakini shibiri ya mtu mzima ni kama sentimeta 22, kwa hiyo kinachohitajika ni sentimeta 57. Mtegaji huyu anahitaji buti la kufika pajani, lenye kamba ya kufungia kwenye mkanda. Kama maji yanafika pajani, hata buti hilo halifai. Huhitajika suruali ya mpira inayofika kifuani.

Mtegaji asiyefanya hesabu hii huvaa buti fupi, nalo huchota maji mara tu anapoinama. Tangu hapo, maji yenye sekaria yamo ndani ya buti pamoja na mguu, na mvaaji huendelea na kazi kwa moyo mtulivu kwa sababu amevaa buti. Huu ndio udanganyifu uliotajwa hapo mwanzo.

Vilevile, buti lisiwe pana kupita kiasi. Matope hulishika buti, na mguu hutoka peke yake. Mtegaji mzoefu huinua kisigino kwanza, ili hewa au maji yapate kuingia chini ya wayo na kuachilia mnaso. Buti lililobana vizuri kifundoni huwezesha jambo hilo.

Je, buti likijaa maji humzamisha mtu?

Watu wengi huamini kwamba buti refu au suruali ya mpira ikijaa maji humvuta mvaaji chini kama jiwe. Kanuni ya Archimedes yaonyesha vingine. Maji yaliyomo ndani ya buti yana densiti ileile ya maji yaliyoko nje. Uzito wake husawazishwa na msukumo wa maji kwenda juu. Kwa hiyo, wakati buti limo majini, maji ya ndani hayamvuti mtu chini.

Hata hivyo hatari ipo, nayo ni ya aina mbili. Kwanza, mguu uliobeba maji mengi ni mzito kuusogeza, kwani maji hayo yote lazima yaendeshwe pamoja nao. Pili, mvaaji anapopanda ukingoni, msukumo wa maji humwacha. Buti lenye lita 8 za maji humwongezea mguu mmoja kilo 8 papo hapo, wakati anapohitaji wepesi kuliko wakati wowote. Ndiyo sababu mvaaji wa suruali ya mpira hufunga mkanda kiunoni ili maji yasiingie kwa wingi, hutembea na fimbo ya kupimia, wala haendi peke yake. Na buti lolote liwalo halimkingi mtu na kiboko wala mamba. Mahali wanyama hao walipo si mahali pa kuingia.

Buti la baridi katika nchi ya joto

Huko Kanada na kaskazini ya Marekani, watega wanyama wa manyoya kama biva huingia pia majini, wakati mwingine penye barafu. Adui wao mkubwa ni baridi, kwani maji huondoa joto mwilini upesi mara nyingi zaidi kuliko hewa. Mabuti yao kwa hiyo huwekwa sufi ndani, au hutengenezwa kwa neoprini, mpira wa viwandani uliogunduliwa mwaka 1930, ambao hujazwa vipovu vya gesi ili uzuie joto lisipotee.

Mabuti kama hayo yanapofika katika masoko ya mitumba ya Afrika ya Mashariki, huonekana bora kwa sababu ni manene. Katika joto la Kilombero hugeuka kuwa mzigo. Nyenzo inayozuia maji kuingia huzuia pia mvuke wa jasho kutoka. Ngozi hulainika, huchubuka, na fangasi hustawi kati ya vidole. Buti jembamba lisilo na sufi, soksi kavu za kubadilisha, na miguu kukaushwa kila baada ya kazi ndiyo maarifa yanayofaa hapa.

Kulijaribu na kulitunza

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa shuleni. Kausha buti kwa nje, kisha lijaze maji mpaka ukingoni na ulitundike kwa dakika 15. Kanieneo katika wayo hutegemea kina cha maji tu: kwa sentimeta 38, ni Pascal 3,700 hivi, sawa na uzito wa gramu 38 juu ya kila sentimeta ya mraba. Ni kanieneo ileile ya maji ya bwawa yenye kina hicho. Palipo na ufa, matone yatajitokeza nje. Tia alama, mwaga maji, kausha, kwangua kwa msasa. Kama buti ni la mpira, bandika kiraka kwa solusheni kama fundi wa baiskeli afanyavyo; la plastiki huhitaji gundi yake.

Mwanga wa jua na gesi ya ozoni iliyomo hewani hukata minyororo ya mpira, nayo petroli na mafuta huuvimbisha. Basi buti lioshwe kwa maji safi, lipinduliwe kivulini likauke, wala lisikunjwe.

Mikono na choo

Mtegaji aliyechagua buti barabara bado huingiza mikono yake majini hadi kwenye viwiko anapouinua mgono. Sekaria haibagui mkono na mguu. Mgono na ufungwe kamba ndefu, uvutwe kwa upondo wenye kulabu, na samaki watolewe nchi kavu. Aliye na glavu ndefu za mpira azivae. Konokono hutoa sekaria nyingi zaidi kuanzia asubuhi jua likipanda hadi mchana; kuikagua migono alfajiri hupunguza hatari ingawa hakuiondoi.

Aliyekwisha kuambukizwa hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, lakini dawa hiyo haizuii maambukizo mapya. Akirudi bwawani miguu mitupu, huugua tena. Na mtegaji anayejisaidia ukingoni mwa bwawa huwapa konokono mayai ambayo kesho yatamrudia yeye mwenyewe, au mtoto wake anayekuja kuchota maji pale pale. Buti humkinga mtu mmoja kwa saa chache. Choo kinachotumiwa na kila mtu hulikinga bwawa zima.